Kulipa feza juu ya kuchoka: kilomita 137 za vilima huku Uskoti



Mwezi wa tatu baba mdogo alinipigia simu toka Lubumbashi. Munajua kazi yake, juu niliisha kuiandika hapa: anachukua makala kwa kinga kwenye njia ya Kasenga, anaileta mjini, na sehemu moja ya minerval yangu ilitoka ndani ya ile mifuko. Basi yeye akiuliza swali, mimi ninajibu. Alikuwa amesikia kwa watoto wake kama nimejiandikisha katika mwendo wa kinga, na kwamba nimelipa ili nikubaliwe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mutoto yangu, weye unalipa feza juu ya kuchoka? Siye huku tunachoka juu ya kutafuta feza."

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninajaribu kueleza, na kwa wale kati yenu wanaokaa Glasgow, Edinburgh ao Uingereza na wanafikiri siku moja kujaribu, nitasema pia namna ya kujitayarisha.

Mwendo wenyewe unaitwa Etape Caledonia. Siye tuliosoma kwa kifaransa tunacheka kidogo: waingereza wamekopa neno letu la shule, étape, juu ya mashindano makubwa ya Ufaransa. Caledonia ni jina ambalo Waroma walikuwa wanaipa inchi ya kaskazini ya kisiwa chao. Ulianza mwaka 2007, unafanyika mwezi wa tano, siku ya yenga, na mji wa kuondokea na wa kurudilia ni Pitlochry, katika jimbo la Perthshire. Kwa miaka mingi ulikuwa maili 81, kisha ukaongezwa mpaka 85, ndiyo karibu kilomita 137. Si mashindano ya kutafuta wa kwanza. Kila mtu anapimwa muda wake kwa kadude kadogo kanakobebwa na kinga, lakini hakuna anayepewa kombe. Maelfu ya watu wanakuja: walimu, wauguzi, mafundi, watu wa miaka 60 na zaidi, wamama kwa wababa. Wengi wanachangisha feza kwa ajili ya wagonjwa.

Kinachovuta watu zaidi ni kwamba barabara inafungwa. Kwa asubuhi ile hakuna gari. Mutu aliyezoea kupitwa na malori kwa umbali wa mkono anajua bei ya jambo kama hilo. Ila si wote waliolipenda. Mwaka 2009 kuna mtu ao watu walimwanga misumari midogo barabarani. Mamia ya mipira ilitoboka, na mwendo ukasimamishwa zaidi ya saa moja. Wakaaji wengine walikuwa wanalalamika tangu mbele kwamba wanafungiwa nyumbani siku ya yenga. Ile misumari ilikuwa ubaya mtupu, mutu angeweza kufa kwenye mteremko. Lakini lalamiko lenyewe ninalielewa: ukikaa bondeni lenye barabara moja tu, na wageni elfu kadhaa wakaichukua, utaona vibaya. Tangu siku ile ninasalimia kila mtu aliyesimama mlangoni kwake, hata akiwa amekunja uso.

Sasa njia. Toka Pitlochry unaelekea magaribi, unafuata Loch Tummel (loch ni ziwa kwa lugha yao ya kigaeli), barabara ikipanda na kushuka katikati ya miti, mpaka Kinloch Rannoch. Pale unazunguka Loch Rannoch lote, ziwa refu la kilomita 15 hivi, upande wa kaskazini ukienda na upande wa kusini ukirudi. Ni tambarare. Watu wengi wanapotezea nguvu pale, juu wanaona njia nyepesi na wanakimbia. Kisha unarudi Kinloch Rannoch, unakata kuume, na hapo mlima unaanza: barabara inayopita miguuni mwa Schiehallion. Mlima wenyewe una mita 1,083. Barabara haifiki juu, inapita pembeni tu, lakini inatosha. Nyuma yake kuna mteremko mrefu mpaka karibu na Fortingall, kijiji chenye mti mmoja kwenye uwanja wa kanisa unaohesabiwa kati ya miti mizee kuliko yote ya Uingereza. Halafu Weem, Strathtay, Logierait, na kilima kimoja kibaya karibu na mwisho, wakati miguu imeisha kukataa.

Kuhusu Schiehallion niseme kitu kimoja kwa wandugu wa fizike, munivumilie. Mwaka 1774 mwanafalaki mkubwa wa mfalme wa Uingereza, Nevil Maskelyne, alikuja kukaa pale miezi kadhaa ndani ya mvua na ukungu ili apime uzito wa dunia. Ule mlima ulichaguliwa juu uko peke yake na umbo lake ni la kulingana. Wazo lilikuwa hivi: ukining'iniza kamba yenye risasi kando ya mlima mkubwa, mlima unaivuta kidogo upande wake. Ukijua mlima una ukubwa gani, na kamba imevutwa kiasi gani, unaweza kulinganisha mlima na dunia nzima. Hesabu ilifanywa na Charles Hutton. Ili asipotee ndani ya vipimo maelfu aliunganisha kwa mstari sehemu zote zenye urefu sawa, na ndiyo ile mistari munayoona mpaka leo kwenye karte za milima. Alipata kwamba dunia ina uzito mara 4.5 ya maji. Leo tunajua ni 5.5. Kwa kamba na risasi, si mbaya! Nilipokuwa ninapanda pale nikipumua kama mbuzi, nilijisemea: hata mlima huu unanivuta, lakini dunia inanivuta zaidi.

Na hapo ndipo jibu la baba mdogo linaanza, juu kupanda ni hesabu tupu. Kazi ya kupanda ni uzito, mara 9.8, mara urefu. Mimi pamoja na kinga yangu ni kilo 80. Kupanda mita 200 kunaomba jule 157,000 hivi, tukiacha upepo na msuguano. Nikipanda kwa dakika 20, miguu yangu inatoa wati 131. Mutu mwenye afya aliyejizoeza miezi michache anaweza. Sasa tumuweke baba mdogo: yeye kilo 70, kinga yake ya chuma kilo 15, makala kilo 120. Jumla 205. Kwa mlima uleule, na kwa dakika 20 zilezile, angepaswa kutoa wati 335, muda wote, bila kupumzika. Hiyo ni nguvu ya watu wanaolipwa kwa kukimbiza kinga kwenye televizyo. Ndiyo maana anashuka na kusukuma. Akichukua saa nzima, anarudi kwenye wati 112, na pale mwili wa mwanadamu unaweza. Watu wanaomuona anasukuma wanafikiri ameshindwa. Hapana, amepiga hesabu bila karatasi.

Kitu cha pili ni meno. Kinga za huku zina vitesi vingi. Yangu ina mduara wa mbele wenye meno 34 kwa kupanda, na nyuma mduara mkubwa wa meno 32. Gawanya: ni kama 1 kwa 1. Gurudumu likizunguka mara moja linakwenda mita 2.1, basi kila mzunguko wa pedali unanisogeza mita 2.2 tu. Nikizungusha mara 80 kwa dakika, ninakwenda kilomita 10 na kitu kwa saa, pole pole, lakini sishuki. Kinga ya kwetu yenye mwendo mmoja, tuseme meno 44 mbele na 18 nyuma, inakwenda zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko. Kwenye barabara tambarare ni nzuri sana. Kwenye mlima, unapaswa kusimama juu ya pedali na kuvunja magoti. Kwa hiyo, ndugu unayetaka kujaribu: mbele ya kununua nguo za rangi na miwani, angalia meno ya nyuma. Wauzaji watakuonyesha kinga nyepesi ya bei kali. Gramu mia tano zilizopunguka kwenye chuma hazitakusaidia kama meno manne yaliyoongezeka nyuma.

Mara ya kwanza nilishindwa. Niseme wazi, juu kwenye ukurasa huu tunapenda kuandika diplome na kuficha mitihani ya pili. Nilikuwa nimejizoeza Glasgow, nikipanda ile Crow Road inayotoka Lennoxtown, na nilijiona mwanaume. Asubuhi ile tuliondoka kwa makundi, mapema sana, na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Mwezi wa tano, tena! Nilikuwa nimevaa shati moja jepesi kwa sababu jana yake jua liliwaka. Chakula nilikuwa na ndizi mbili. Kando ya Loch Rannoch nilishika kundi la watu wenye nguvu na nikakaa nyuma yao. Kundi linakukinga na upepo, unaweza kuokoa karibu tatu ya moja ya nguvu, na ni utamu wa kudanganya: unafikiri mwendo ni wako, kumbe ni wao. Mvua ikaanza. Kundi likaniacha. Mbele ya kufika Kinloch Rannoch mara ya pili mikono ilikuwa haiwezi kufunga freni, na kichwa kilikuwa tupu. Nakumbuka niliona kondoo na sikuweza kukumbuka jina lake kwa lugha yoyote.

Ni njaa ile. Mwili unaweka akiba ya sukari ndani ya misuli na ini, kama gramu 400 ao 500, na ukifanya kazi ngumu inakwisha kwa saa mbili tatu. Mafuta unayo mengi, hata mutu mwembamba, lakini mwili unayachoma pole pole, hayatoshi kwa mlima. Sukari ikikwisha, miguu inazima na kichwa kinazima pia. Nilikaa kando ya barabara. Nyuma ya dakika chache likafika lile gari linalofuata watu wa mwisho, waingereza wanasema ni gari la ufagio, na mama mmoja mzee akanifunika blanketi, akanipa chai yenye sukari mingi. Hakuuliza nimetoka inchi gani. Aliuliza tu: "Ulikula nini?" Nikasema ndizi mbili. Akatikisa kichwa kama mama mzazi kabisa.

Basi mwaka uliofuata nilianza upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kula ni kazi, si starehe. Tangu dakika ya 30 unakula, hata kama husikii njaa, gramu 40 mpaka 60 za sukari ao wanga kila saa. Ndizi moja ina kama gramu 25. Mkate wenye konfitiri, viazi vidogo vya kuchemsha vyenye chumvi, maji yenye sukari, vyote vinafaa. Vile vipakiti vya dawa nzitonzito vinavyouzwa bei ya nyama, mimi sioni faida yake kubwa. Jana yake usiku nilikula bukari na samaki, na sikuona mtu aliyelala na nguvu kunishinda. Ila siku yenyewe usijaribu chakula kipya, tumbo halina huruma.

Mazoezi: miezi mitatu inatosha kwa mutu asiye mgonjwa. Siku mbili za katikati ya juma, saa moja moja, na siku moja ya mwendo mrefu unaouongeza kidogo kidogo: tangu kilomita 40 mpaka ufike 100 ao zaidi. Juma moja kati ya manne unapunguza, juu mwili unajijenga wakati wa kupumzika. Hii watu wenye bidii hawaipendi. Siye tuliolelewa kwamba kupumzika ni uvivu tunapata shida hapo. Na ukifanya mazoezi kwenye barabara zilizo wazi, kumbuka huku wanapita upande wa kushoto. Kwetu ni kuume. Mara mbili nilitoka kwenye njia panda nikiwa Lubumbashi kichwani, na mara ya pili lori lilinikumbusha kwa honi.

Nguo: nyingi nyepesi, moja juu ya ingine, na ya juu kabisa izuie upepo. Unatokwa jasho ukipanda, kisha unashuka kilomita nyingi bila kukanyaga pedali na lile jasho linakuwa barafu mgongoni. Glavu za vidole vizima, usicheke. Na huko milimani kondoo wanalala barabarani, na kuna vyuma vilivyotandikwa kukata njia ya mifugo. Ukipita juu yake wakati wa mvua, nyooka, usipinde, usishike freni.

Chukua mipira ya ndani miwili na pompi, na ujue kuibadilisha mwenyewe. Nilipokuwa ninafundisha mikono yangu ile kazi jikoni usiku, niliangalia ule mpira mweusi na mawazo yakaenda mbali. Mpira wa kujazwa hewa ni mambo ya watu wa Uskoti. Robert William Thomson, mzaliwa wa Stonehaven, aliuandikisha mwaka 1845 na dunia ikamsahau. John Boyd Dunlop, mzaliwa wa Dreghorn, dakitari wa wanyama mjini Belfast, aliutengeneza upya na kuuandikisha mwaka 1888, na safari hii dunia ilikuwa tayari: kila mutu wa Ulaya alitaka kinga. Alitaka, basi mpira ulihitajika. Na mpira ulikuwa wapi? Ndani ya pori letu, wakati inchi ilikuwa mali ya Léopold II. Munajua yaliyofuata, vijiji vilivyochomwa, wake waliofungwa mpaka waume walete kilo zilizoamriwa, mikono iliyokatwa. Konsuli Roger Casement aliandika rapoti yake, ikatoka mwaka 1904, na mwaka 1908 mfalme akanyang'anywa inchi. Sisemi Dunlop alijua. Alikuwa anatafuta kinga ya mtoto wake isirukeruke kwenye mawe. Lakini mukongomani anayejaza hewa kwenye mpira huku Uskoti, nafikiri ana haki ya kusimama dakika moja na pompi mkononi.

Mara ya pili nilimaliza kwa saa 7 na dakika chache. Hakuna kitu cha kusifu, wazee wa miaka 70 walinipita. Kando ya Loch Rannoch niliwaacha wenye mbio waende. Kwenye Schiehallion nilibaki kwenye meno yangu 32, nikihesabu mizunguko, na niliwapita wengine ambao mwaka uliopita ningekuwa mimi, wamekaa kwenye majani na uso mweupe. Nilimpa mmoja kipande cha mkate. Katika mteremko wa upande wa pili jua lilitoka, barabara ilikuwa nyeupe na tupu, hakuna lori, hakuna polisi wa kuomba karatasi, hakuna mfuko wa mtu mgongoni mwangu, na nilipiga kelele peke yangu kama mtoto. Kile kilima cha mwisho sitakielezea. Nilikipanda, basi.

Jioni nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia kilomita 137. Akasema ni mbali, hata kwake ni mbali. Halafu akauliza: "Na ile kinga ilikuwa na muzigo gani?"

"Hakuna kitu, baba. Ni mimi tu."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anafikiri. Kisha: "Ile meno makubwa ya nyuma ulisema ni ngapi?"

"Makumi tatu na mbili."

"Inaweza kuingia ku kinga ya chuma, hii ya kwetu?"

Nikamwambia si rahisi: inaomba mnyororo mrefu zaidi na kile kikono cha nyuma kinachohamisha mnyororo, na gurudumu la nyuma lenye nafasi. Lakini kubadilisha 18 kuwa 22, hiyo fundi yeyote anaweza, bila kugusa kingine zaidi ya kuongeza vipande vya mnyororo. Kwenye tambarare atapoteza mbio kidogo. Kwenye vilima vidogo hatashuka tena.

"Tuma mbili," alisema. "Moja ya jirani."

Ninazitafuta. Mwenye kusafiri kwenda Lubumbashi mbele ya mwezi wa nane, na ana nafasi ya kilo moja kwenye sanduku, aniambie.